Maji Yaliyokuwa Kwenye Ramani

Ijumaa, 21 Oktoba 1966, yapata saa 3 na robo asubuhi, rundo la kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe wa Merthyr Vale, kusini mwa Wales, liliporomoka mlimani na kuifukia shule ya msingi ya Pantglas kijijini Aberfan. Watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Kinachouma zaidi ni kwamba maji yaliyolibomoa rundo hilo yalikwisha kuchorwa kwenye ramani zamani.

Aliyesoma jiografia ya sekondari anazijua kontua: zikibanana, mteremko ni mkali. Karatasi za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za kipimo cha inchi 6 kwa maili 1, zilionyesha mengi zaidi: vijito, chemchemi, hata marundo ya kifusi, yaliyochorwa kwa vistari vifupi vinavyoelekea bondeni. Ukilaza matoleo mawili bega kwa bega, unaona kijito cha toleo la kwanza kikimezwa na vistari vya toleo la pili.

Rundo lililoporomoka, namba 7, lilianzishwa mwaka 1958 bila uchunguzi wowote wa ardhi. Mlima ule ni wa mawe ya mchanga yapitishayo maji. Mvua huzama juu, kisha hutokeza ubavuni. Kifusi kilichomwagwa juu ya chemchemi hulowa kuanzia chini. Shinikizo la maji huziachanisha punje, na rundo lililoonekana gumu hutiririka kama uji.

Lord Robens, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, alidai chemchemi hizo hazikujulikana. Wenyeji walizijua. Tume ya jaji Edmund Davies iliitupia Bodi lawama mwaka 1967.

Februari 2020, dhoruba ilipopiga, rundo jingine liliporomoka Tylorstown, na serikali ya Wales ikaanza kuorodhesha marundo yote yaliyoachwa: zaidi ya 2,500. Mengi yameota nyasi. Ukipita leo unadhani ni kilima tu. Ramani za zamani, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure, bado zinayatambulisha. Kwangu mimi, toleo lenye thamani kuliko yote ni lile lililopimwa kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa, kwa kuwa ndilo linaloonyesha chemchemi zilizofunikwa.