Mkasi ni rahisi, mpaka ni ghali

Ukiitafuta delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, ndani ya Wilaya ya Rufiji, sehemu yake kubwa hutaiona. Salale, Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, kata zilizozungukwa na mikoko na mikono ya mto, ziko Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mkazi wa kijiji cha Nyamisati, huko Kibiti, analijua hilo bila kuuliza. Kompyuta hailijui. Ikipewa ramani iliyochorwa kabla ya mgawanyo, itaikata picha ya setilaiti na kuleta delta nzima pamoja na Utete na Ikwiriri. Ikipewa ramani mpya kwa jina lilelile la Rufiji, italeta zaidi mashamba na mapori ya bara, na mikoko mingi itabaki nje. Programu haitalalamika. Itatoa hesabu ya hekta hadi nukta ya desimali, na mteja atalipia.

Biashara ya kukata picha za setilaiti kwa programu, kazi ikifanyika kwenye seva za mbali zinazoitwa wingu, imekua kimyakimya nyuma ya mambo yanayovuma: kaboni, bima ya mazao, tahadhari ya mafuriko. Malighafi yake karibu ni bure. Hadi 2008, picha moja ya Landsat 7 ya Marekani iliuzwa takriban dola 600. Mwaka huo hazina yote ilifunguliwa bila malipo. Mwaka 2015 Ulaya ilirusha Sentinel-2, inayotofautisha vitu vya ukubwa wa mita 10, nayo picha zake ni bure. Tangu pacha wake aliporushwa 2017, sehemu moja hupigwa picha kila siku tano hivi. Bei ilipoanguka, shida ikawa uzito.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Picha za Sentinel-2 hugawiwa kwa vigae vya kilomita 110 kwa 110. Kigae kimoja, kwa rangi moja tu ya mita 10, kina pikseli milioni 120, na setilaiti hiyo ina rangi 13, nyingine jicho la binadamu halizioni. Faili zima hukaribia gigabaiti moja. Chora juu ya delta kisanduku cha kilomita 44 kwa 44: pikseli milioni 19 na ushei, chini ya moja ya tano ya kigae. Anayepakua kigae kizima kwa bando la simu pale Kibiti mjini analipia pia mapori na bahari asivyovihitaji, na baada ya siku tano setilaiti itapita tena.

Ndipo mkasi wa wingu unapoleta faida. Mtaalamu anaandika mistari michache: aina ya picha, tarehe, kiwango cha mawingu anachokivumilia, na pembe za kisanduku chake. Seva inakata kule kule picha zilipo na kumletea kipande. Mafaili yenyewe siku hizi hupangwa kama mkeka ulioshonwa kwa kili: seva inafikia ukili unaotakiwa bila kuufumua mkeka wote. Kipande cha kutazama kwenye simu huwa megabaiti chache. Mistari hiyohiyo ikirudiwa kwa picha za miaka kumi, kazi iliyokuwa ya miezi inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mikasi ya aina hiyo ni kadhaa. Google Earth Engine, iliyoanza 2010, iko wazi kwa watafiti na mashirika yasiyo ya faida. Matumizi ya kibiashara yalianza kulipiwa 2022. Digital Earth Africa inatoa picha za bara zima bure, zikiwa tayari kwa uchambuzi. Sentinel Hub, iliyoanzia Slovenia, inauza huduma ya kukata na kuchakata. Anayetaka kuona mtumbwi mmoja mmoja hununua picha kali zaidi za makampuni binafsi kwa kilomita ya mraba, na kwa kawaida hauziwi chini ya kiwango fulani hata kama anataka kijiji kimoja.

Nani ananunua? Delta ina takriban hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake Afrika Mashariki, na tangu 2004 imo katika eneo la Ramsar la Rufiji, Mafia na Kilwa. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na huwezi kuulinda kwa doria ya miguu: tope hufika magotini na mikondo inageuka kila msimu. Upande wa kaskazini mikoko imekuwa ikifyekwa kwa ajili ya mpunga, na ni picha zinazopangwa mwaka hadi mwaka zinazoonyesha kijani kikigeuka mraba wa shamba. Wanunuzi wengine ni wahandisi wa barabara, watoa bima na watu wa maafa. Wakati wa mafuriko kama yale ya 2024 yaliyozikumba Kibiti na Rufiji, picha za kawaida zinaweza kuonyesha wingu la mvua tu. Inayosaidia ni rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu, ingawa wakati wa mafuriko hayo pacha wake alikuwa ameharibika na mzunguko ulikuwa wa siku 12.

Soko linalotazamwa kwa hamu zaidi ni kaboni. Tanzania ilitoa kanuni za biashara hiyo 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kule Gazi, Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza kaboni ya hekta 117 za mikoko. Eneo hilo unaweza kulizunguka kwa miguu. Delta lazima ipimwe kutoka juu, na hapo mpaka unageuka kuwa fedha. Utafiti uliochapishwa 2003 ulilinganisha picha za Landsat na kukuta mikoko ya pwani ya Tanzania imepungua kutoka hekta 109,593 hadi 108,138 katika takriban miaka kumi. Tofauti ni hekta 1,455. Sasa chukua ukingo wa msitu wenye urefu wa kilomita 500, uusogeze pikseli moja ya Landsat, yaani mita 30: umepata au umepoteza hekta 1,500. Mti haujakatwa, mkasi umepita pembeni kidogo.

Bahari nayo ina mkono wake. Landsat na Sentinel-2 hupita yapata saa nne na nusu asubuhi, kila zinapopita. Maji hayafuati saa hiyo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii hujaa alfajiri na alasiri, na saa nne maji yamekupwa: picha inaonyesha tope na mafungu ya mchanga. Siku za maji mafu, saa hiyohiyo maji huwa karibu na kujaa, na miche michanga ya mikoko ukingoni imezama nusu. Anayelinganisha bamvua ya mwaka huu na maji mafu ya mwaka jana anaweza kutangaza kwamba msitu umeota au umekufa, kumbe amepima kupwa na kujaa. Jedwali la maji linapatikana kwa urahisi. Wanaokumbuka kulifungua kabla ya kuandika msimbo ni wachache.

Kwa hiyo mnunuzi wa ripoti ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kulipa: mpaka uliotumika ni wa mwaka gani na umetoka kwa nani, maji yalikuwaje picha ilipopigwa, na nani alikwenda kuthibitisha. La tatu ndilo linalogharimu, maana kutoka juu kijani cha mchu na cha mkandaa, aina mbili za mikoko, havitofautiani sana, na shamba la mpunga lililoachwa misimu miwili hufanana na kichaka. Anayejua ni nahodha wa boti ya Nyamisati na mzee wa kijiji anayekumbuka mkondo ulipopita kabla haujahama. Ukiandaa bajeti ya kazi hii, seva ina mstari wake na mchambuzi wa Dar es Salaam ana mstari wake. Nahodha ni rahisi kumwandika chini ya "usafiri", kana kwamba alilipwa kwa mafuta tu.