Michezo ya Shule (Sehemu ya 3): Wasaka Vipaji wa Utani na wa Kughushi

Mechi za shule zinapochezwa Jumamosi alasiri hapa Kanombe, wilayani Kicukiro, Kigali, anayetaka kujua mchezaji yupi anafaa hana haja ya kumsumbua kocha. Asimame pembeni ya uwanja, asikilize. Pale wapo wanajeshi waliostaafu, waendesha pikipiki waliozima injini kwa muda, akina mama wenye watoto uwanjani, na wanafunzi ambao timu yao ilishatolewa. Ndege ya kutua inapita juu na kumeza sauti zote. Ikishagusa chini, maneno yanaendelea palepale yalipokatikia.

"Afande, huyo namba saba nimeshamuuza Ulaya. Mbuzi wawili na kreti moja la Fanta."

"Mzee, huyo Ulaya hafiki. Atashukia Giporoso aombe nauli ya kurudi."

"Basi mbuzi mmoja."

"Mbuzi gani tena, na wewe unammalizia hapo kwenye mshikaki?"

Watu wanacheka, mama yake namba saba akiwemo. Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi mashindano ya shule yanavyopanda ngazi, kuanzia sekta hadi michezo ya FEASSSA, ile ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ambayo mwaka 2023 ilifanyika Huye. Leo nataka tumwangalie huyu mzee anayeuza watoto kwa mbuzi wa kufikirika, kwa sababu kazi anayoifanya kwa utani ipo duniani kama kazi ya kulipwa. Wapo pia watu wanaoifanya kwa ulaghai, na hao wanazijua njia za kufika kwenye nyumba zetu.

Utani wa pembeni ya uwanja una kanuni zake. Bei lazima iwe ya ajabu, ili asiwepo wa kudhani ni ya kweli. Lazima usemwe kwa sauti, mbele ya watu, na anayetaniwa awe na haki ya kujibu. Wanyarwanda wamelelewa katika jambo hili: koo zenye uhusiano wa ubuse hutupiana maneno makali msibani na harusini, na hakuna anayekasirika. Tanzania mashabiki wa Simba na Yanga huitana watani wa jadi. Kigali tuna APR, timu ya jeshi, na Rayon Sports, na katika mtaa wa kambi ya jeshi kama wetu, shabiki wa Rayon anapaswa kuwa na ulimi mwepesi.

Ndani ya utani huo kuna tathmini. Anayesema namba saba atashukia Giporoso, kituo cha jirani tu, anasema kijana ana kasi ya mwanzo lakini pumzi inamwishia mapema. Anayesema beki fulani "anasalimia kila mpira kwa heshima" anasema beki huyo anachelewa kukaba. Nimeona makocha wakitabasamu kwa maneno hayo, kisha baada ya mapumziko wakabadilisha mchezaji aliyetajwa. Watazamaji hawa wamewafuatilia watoto haohao tangu shule ya msingi. Wanajua nani aliumia goti, nani ana kaka aliyekuwa mzuri kuliko yeye, nani hucheza vizuri siku baba yake anapokuja.

Na wanakula. Mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha yenye chumvi na tone la mafuta ya pilipili ya Akabanga, sambusa, mandazi, viazi vya kukaanga vinavyoisindikiza mishikaki ya mbuzi, karanga ndani ya karatasi iliyokunjwa. Karatasi hiyo ina historia, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vifaa vingine vya plastiki vya kutumia mara moja. Anayeuza mahindi hukosa mechi chache kuliko mtu yeyote. Akisema kipa wa mwaka huu ni bora kuliko wa mwaka jana, mimi namsikiliza.

Sasa niwapeleke kwenye mchezo ambao wengi wetu hapa tumeusikia zaidi ya kuuona: besiboli. Nauchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna mchezo ambao kazi ya kusaka vipaji imepimwa kwa namba kwa undani kuliko huo. Pili, katika miaka ya karibuni vijana wa Afrika Mashariki wamesajiliwa kweli kupitia mchezo huo, na habari za kweli ndizo ambazo matapeli hupenda kujificha nyuma yake.

Majirani zetu wa Uganda wametangulia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mashindano yaliyoanza mwaka 1947. Waliifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Uganda ilirudi mwaka 2015 na kuifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wa kulipwa wengi kuliko nyingine yoyote nje ya Marekani. Huko Mpigi, Mmarekani Richard Stanley alijenga shule na viwanja vya besiboli. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka uliofuata Pittsburgh Pirates ikamchukua David Matoma, kijana mrushaji. Mwaka huohuo wa 2023 Dennis Kasumba, mdakaji ambaye video zake za mazoezi kwa matairi chakavu zilikuwa zimeenea mitandaoni, alicheza Frederick Keys huko Maryland.

Tanzania imefuata njia nyingine, ya shule za sekondari kwa mtindo wa Kijapani. Shinya Tomonari, aliyewahi kufanya kazi na JICA, shirika la maendeleo la Japani, aliupeleka mchezo huo nchini humo, na mashindano ya shule yakapewa jina la Koshien. Kiwanja chake kipo Shule ya Sekondari Azania, Upanga, Dar es Salaam. Koshien yenyewe ni uwanja ulio karibu na Osaka, uliofunguliwa mwaka 1924, ambapo kila Agosti shule za sekondari za Japani hukutana katika mashindano yaliyoanza mwaka 1915. Taifa zima husimama kuwatazama vijana wa miaka 16 na 17. Watazamaji hula wali kwa mchuzi wa kari na hunywa barafu iliyopondwa ili kuhimili joto. Timu ikitolewa, wachezaji huchota udongo wa uwanja kwenye vifuko na kurudi nao nyumbani. Napenda kwamba utamaduni huo umefika Upanga, maana unaweka shule mbele ya soko.

Marekani chakula cha uwanjani ni karanga. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Harry Stevens, mfanyabiashara mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiuza karatasi za kuandikia matokeo, alilipwa deni la tangazo kwa magunia ya karanga badala ya fedha, akaziuza uwanjani. Mpaka leo maganda ya karanga hutapakaa chini ya viti vya viwanja vikubwa. Mtu wa Kanombe akipelekwa huko hatakosa cha kushika mkononi.

Sasa tuone msaka vipaji wa kweli anavyofanya kazi. Hukaa nyuma ya mdakaji akiwa na bunduki ya rada, kifaa kinachotuma mawimbi yanayogonga mpira na kurudi yakiwa yamebadilika kulingana na mwendo wake. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unamfikia mpigaji kwa chini ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo anapaswa kuamua kama apige au auache upite. Msaka vipaji huandika mwendo wa kila mpira, kisha humpima kijana mbio za yadi 60, yaani karibu mita 55. Kuzikimbia chini ya sekunde 7 ni jambo la kutazamwa mara ya pili. Hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndiyo wastani wa ligi kuu. Kwa wasio warushaji mambo makuu ni matano: kupiga kwa uhakika, kupiga kwa nguvu, mbio, kudaka na kurusha. Kisha hurudi siku nyingine. Hurudi tena. Huongea na mwalimu, huuliza tabia ya kijana darasani, huangalia anafanya nini baada ya kukosea.

Mshahara wake hulipwa na klabu. Sentensi hii ningependa kila mzazi wa Kicukiro aikariri.

Hata watu wazoefu wamewahi kudanganywa. Tarehe 1 Aprili 1985 jarida la Sports Illustrated la Marekani lilichapisha makala ndefu ya George Plimpton kuhusu Sidd Finch, mrushaji aliyedaiwa kujifunza siri za mwili huko Tibet, aliyevaa kiatu mguu mmoja tu na kurusha mpira kwa kilomita 270 kwa saa. Klabu ya New York Mets ilishiriki katika mzaha huo kwa kuruhusu picha zipigwe kambini kwake. Mtu aliyepigwa picha alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Illinois. Wasomaji wengi waliamini, na mashabiki wa Mets wakafurahia kumpata shujaa. Takriban wiki mbili baadaye jarida likakiri. Ule ulikuwa utani wa pembeni ya uwanja uliokuzwa ukawa wa nchi nzima, na hakuna aliyepoteza akiba yake.

Kisa cha Ali Dia, mchezaji wa soka, ni tofauti. Novemba 1996 kocha wa Southampton, Graeme Souness, alipigiwa simu na mtu aliyejiita George Weah, nyota wa soka wa Liberia, akimsifia binamu yake. Dia akapewa mkataba wa mwezi mmoja, akaingizwa dhidi ya Leeds dakika ya 32 badala ya Matt Le Tissier, akatolewa dakika ya 85. Weah hakuwa na habari. Simu moja, jina moja kubwa, na klabu ya ligi kuu ya Uingereza ikaacha kuuliza maswali. Mzazi anayedanganywa kwa njia hiyohiyo asionewe aibu.

Jambo jingine linalogharimu watoto ni umri. Mwaka 2001 Danny Almonte aling'ara Williamsport akichezea timu ya Bronx. Baadaye ikabainika alikuwa na miaka 14 katika mashindano ya wasiozidi 12, na timu yake ikafutiwa ushindi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda kanda yao kule Kutno, Poland, lakini wakanyimwa viza za Marekani kwa sababu nyaraka za umri zilikuwa na kasoro. Timu ya Saudi Arabia ikaenda badala yao. Naumia kila ninapokifikiria kisa hicho, kwa sababu watoto walishinda uwanjani na wakashindwa kwenye karatasi ambazo hawakuziandika wao. Wakala anayemshauri mzazi "apunguze miaka miwili tu" anamwekea mtoto mtego utakaofyatuka siku ya furaha yake.

Matapeli wa vipaji wanafanana kila mahali. Hawasimami pembeni ya uwanja. Huja kwa ujumbe wa simu, usiku, kwa mtoto mwenyewe au kwa mama peke yake. Hutuma barua yenye nembo ya klabu, hutaja tarehe iliyo karibu sana, huomba fedha za usajili wa majaribio, kisha za viza, kisha za daktari. Na daima kuna sharti: usimwambie mtu, wenzake watamwonea wivu. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba vijana wa Afrika Magharibi, wengine wadogo sana, walikuwa wamepelekwa Laos kwenye akademia iliyohusishwa na klabu ya Champasak United, wakalala chini kwenye chumba kimoja. Wazazi wao waliambiwa wanakwenda kwenye mafanikio.

Kinga za kisheria zipo. Katika soka, FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache yaliyoandikwa. Tangu 2023 wakala lazima awe na leseni anayoipata baada ya mtihani, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha ya FIFA. Hapaswi hata kumkaribia mtoto kabla ya miezi 6 ya mwisho kuelekea umri ambao nchi yake inaruhusu mkataba wa kwanza wa kulipwa, na ridhaa ya maandishi ya mzazi ni lazima. Katika besiboli, klabu za ligi kuu ya Marekani haziwasajili vijana wa kigeni kabla ya miaka 16, na usajili hupitia ofisi ya ligi.

Lakini sheria zipo mbali, na uwanja upo hapa. Kwa hiyo anayekuja kwako na habari ya majaribio ya mtoto, mwambie aje Jumamosi. Mnunulie mahindi, msimamishe kati ya afande na yule mzee wa mbuzi wawili, mbele ya mwalimu wa michezo, kisha arudie kwa sauti yale aliyokuandikia usiku. Wale watu watamuuliza klabu gani, ligi ya ngapi, nani anamlipa yeye, mtoto atasoma wapi, atalala wapi, atarudi lini. Watamtania, na mtu mwenye leseni yake mfukoni atacheka nao na kujibu. Ninaowajua waliowahi kualikwa hivyo na hawakutokea wanatosha kunifanya niliamini jaribio hili kuliko barua yoyote yenye nembo.

Juma lijalo tutaingia ndani ya besiboli yenyewe: vituo vinne, michezo midogo tisa ndani ya mchezo mmoja, na kwa nini mpigaji anayeshindwa mara saba kati ya kumi huhesabiwa miongoni mwa walio bora.