Shilingi ya Kariakoo katika Mitandao ya Kigeni

Fedha nyingi zinazotumwa kwa simu kutoka Kariakoo hupita katika mitandao ambayo wenye hisa wakubwa wako nje ya Tanzania. Vodacom, iliyoanza kazi nchini mwaka 2000, ina kampuni mama Afrika Kusini, nayo iko chini ya Vodafone ya Uingereza. Airtel ina mizizi India. Halotel, iliyoingia mwaka 2015, ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Tigo iliuzwa mwaka 2022 kwa wawekezaji walioongozwa na Axian, yenye asili ya Madagaska, na tangu 2024 inaitwa Yas.

Hali hii ilitokana na uhaba wa mtaji. Enzi za shirika la umma la simu, mtu aliyeomba simu ya mezani aliweza kusubiri kwa miaka. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa kampuni binafsi, kwa kuwa Serikali haikuwa na fedha za kusimika minara nchi nzima.

M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kwa soko la jumla kama Kariakoo, manufaa yake ni makubwa na hayana budi kusemwa wazi. Mwenye duka wa Songea au Sumbawanga aliyelazimika kupanda basi na fedha taslimu, alale gesti na kuhofia wezi, sasa anaweza kumtumia fedha muuzaji wa Mtaa wa Kongo, na mzigo ukapakiwa bila yeye kusafiri.

Anayewezesha hayo ni wakala, na mtaji anaotumia ni wake mwenyewe. Sehemu hukaa kama fedha taslimu, sehemu kama salio la mtandao, yaani floti. Mteja akiweka fedha, floti hupungua. Akitoa, taslimu ndizo hupungua. Wafanyabiashara wengi wakija kwa pamoja kuweka mauzo ya siku, floti huisha na kamisheni hupotea. Kwa kuwa mitandao ni mingi, mtaji huo mdogo hugawanywa katika laini kadhaa. Noti bandia na utapeli ni hasara yake, ilhali viwango vya kamisheni hupangwa na kampuni. Katika mnyororo mzima, huyu ndiye anayestahili kuangaliwa zaidi, na ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Wingi wa mitandao ulizaa jambo jema pia. Mwaka 2014 kampuni kadhaa zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufanya hivyo. Benki Kuu iliziacha kampuni zijaribu, lakini kwa sharti zito: fedha za wateja zitunzwe katika akaunti za amana kwenye benki, mbali na mali ya kampuni. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliimarisha usimamizi huo. Hivyo muuzaji wa vitenge anamiliki salio lake hata kama mtandao unamilikiwa ng'ambo.

Faida ya kampuni ni suala jingine, kwani gawio huenda kwa wenye hisa popote walipo. Mwaka 2016 sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja na kukusanya shilingi bilioni 476. Wananchi hawakuweza kuzinunua zote, wageni wakaruhusiwa, na baadaye bei ikashuka chini ya ile ya mwanzo. Kwa Airtel, Serikali ilijadiliana moja kwa moja. Makubaliano ya mwaka 2019 yaliongeza hisa za Serikali katika kampuni hiyo kutoka asilimia 40 hadi 49.

Njia nyingine ya Serikali ya kupata mapato iliumiza. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala, shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kilichotumwa au kutolewa. Iliyobanwa haikuwa kampuni ya nje bali mtumaji, na Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko mengi.

Uwezo wa nchi ndogo kujadiliana hutegemea pia aina ya mwekezaji. Kampuni ya simu ina leseni, masafa, mawakala na mitambo iliyoigharamia, kwa hiyo kuondoka ni hasara kubwa. Kampuni ya programu ya usafiri haimiliki gari wala bajaji. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa madereva, Uber ilisitisha huduma Aprili ya mwaka huo. Ilirejea mwanzoni mwa 2023, baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25.