Ng'ombe Kurudi Si Talaka

Tangu zamani, katika nchi ya Wagusii, ndoa ilifungwa kwa ng'ombe na kuvunjwa kwa ng'ombe. Mke aliporudi kwao na baba yake akairudisha mifugo, mambo yalikwisha. Mifugo isiporudi, hata watoto aliowazaa kwa mume mwingine walihesabiwa kuwa wa yule aliyetoa mahari. Mashauri ya namna hiyo yaliyashughulisha sana mabaraza ya Ritongo wakati wa ukoloni.

Mpaka leo wako wanaoamini hivyo, nao hujiletea taabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeitambua ndoa ya kimila kuwa ndoa kamili kama ya kanisani, na kwa sababu hiyo haivunjwi ila na mahakama. Mwanamke ambaye ng'ombe wake wamerudishwa mbele ya wazee angali mke wa mtu machoni pa sheria. Akifunga ndoa kanisani na mwingine, ndoa hiyo ya pili ni batili.

Atakaye talaka hupeleka ombi kwa hakimu, iwe Kisii, Nyamira, Keroka au Ogembo, pamoja na hati ya kiapo, akieleza ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto ni wangapi, na sababu ya kuachana: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, ndoa kuvunjika kabisa, au sababu nyingine inayokubaliwa na mila. Asiye na cheti cha ndoa hana budi kuleta ushahidi. Mahari, hata kidogo tu kilichotolewa, huthibitisha ndoa ya kimila. Kisha mwenzake hupelekewa nakala ili apate kujibu.

Wazee hawakutupwa. Sheria inaruhusu wenye ndoa ya kimila wapatanishwe kwanza, na mpatanishi huiandikia mahakama taarifa. Hapo ndipo penye udhaifu, kwa kuwa wazee wengi ni hodari wa kunena kuliko kuandika. Yafaa wamweke karani tangu kikao cha kwanza.

Ulezi wa watoto hauamuliwi tena na ng'ombe, bali na manufaa ya mtoto mwenyewe, kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Mali nayo ni dai la peke yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huhesabu kazi ya nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango. Hivyo mama aliyechuma chai miaka mingi ana haki ya kusikilizwa, ijapokuwa malipo ya kiwanda yaliandikwa kwa jina la mumewe.