Nyota Zinazozaliwa Juu ya Ziwa Mweru

Katikati ya Oktoba, saa kumi alfajiri, wavuvi wa chisense, samaki wadogo kama dagaa, wa Kashikishi kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia wakiwa bado ziwani na taa zao, kundinyota la Jabari (Orion) huwa limefika karibu utosini. Kando ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja kuna kidoa chenye ukungu, kinachoonekana kwa macho matupu. Kiko umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, na humo nyota zinazaliwa.

Hazizaliwi moja moja. Wingu la gesi na vumbi, lenye baridi ya nyuzi 260 chini ya sifuri, huelemewa na uzito wake, likajikunja na kukatika vipande; kila kipande hujibana hadi kiini chake kiwake. Nyota za kidoa hicho zina miaka milioni chache tu. Kilimia, kundi jingine la nyota, kina kama miaka milioni 100 na bado kimeshikana, lakini makundi mengi hutawanyika mapema zaidi. Yaelekea Jua letu nalo lilipotezana hivyo na ndugu zake.

Kinachowasumbua watafiti ni nyota kubwa, zenye uzito zaidi ya mara nane ya Jua, kwa sababu hukua zikiwa zimegubikwa na vumbi zito. Nuru haipenyi humo. Mawimbi ya redio hupenya. Hupenya hata mawingu ya mvua, na hilo lina maana kubwa kwa Mweru: Jabari hutawala usiku kuanzia Desemba hadi Februari, miezi ambayo uvuvi umefungwa na anga limefungwa na mawingu.

Karibu na nyota hizo changa, molekuli za methanoli hukuza mawimbi ya redio ya gigahezi 6.7. Sharmila Goedhart, katika utafiti wake wa uzamivu huko Afrika Kusini, aliyafuatilia mawimbi hayo kwenye vyanzo 54 kuanzia 1999 hadi 2003, akitumia darubini ya redio ya Hartebeesthoek yenye kipenyo cha meta 26, iliyojengwa na NASA mwaka 1961. Chanzo kimoja, G9.62+0.20E, kilikuwa kinapanda na kushuka kila baada ya siku 244 hivi. Hakuna aliyetarajia kuona mapigo ya mpangilio huo kwenye nyota changa. Maelezo mojawapo ni kwamba nyota mbili huzungukana, na kila zinapokaribiana pepo zinazovuma kutoka kwenye nyota hizo hugongana na kuongeza nishati inayofika kwenye methanoli.

Ugunduzi huo haukuhitaji mtambo mpya. Ulihitaji mtambo uliokuwapo, na ruhusa ya kuurudia mara kwa mara kwa miaka minne. Zambia ni mshirika wa mradi wa darubini ya redio ya SKA, na vijana wake wamefunzwa astronomia ya redio kupitia DARA, mpango unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds. Naona mafunzo ya majuma machache hayawatoshi. Wapewe saa za darubini, mwaka baada ya mwaka, juu ya chanzo kile kile.