Anza kwa Kuuliza Nani Aliandika

Mwanafunzi aliyezoea maktaba hupotea siku ya kwanza anapoingia chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Maktabani alifundishwa kutafuta kwa mada. Kwa mpangilio wa Dewey historia ya Tanzania iko 967.8, na akishafika kwenye rafu hiyo anakuta vitabu vya somo lake vimekaa pamoja, hata vile ambavyo hakuwahi kuvisikia. Kwenye nyaraka anaomba "mafaili ya ardhi" na kupewa rejesta zenye majina ya ofisi, namba na miaka. Anapekua, haoni neno lake, anaondoka akiamini kwamba hakuna kitu. Wengi huishia hapo, na tasnifu zao huandikwa kwa kutegemea vitabu vya watu wengine tu. Hili linaniuma, kwa sababu mara nyingi karatasi walizozihitaji zilikuwa ghalani katika jengo hilo hilo.

Nyaraka hupangwa kwa kufuata ofisi iliyozizalisha, na ndani ya ofisi hiyo hubaki katika mpangilio ule ule wa makarani wa masjala waliokuwa wakizitumia. Kanuni hii ilipewa nguvu rasmi nchini Ufaransa kwa waraka wa Aprili 1841. Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, waliifafanua katika mwongozo wao wa mwaka 1898, na leo ndiyo msingi wa kazi ya utunzaji nyaraka karibu kila mahali. Ukiichomoa barua ya mkuu wa wilaya kutoka kwenye jalada lake na kuiweka katika rundo la "ardhi", hutajua tena ilikuwa inajibu nini, nani aliisoma na nani aliipuuza. Kwa hiyo mtafiti aanze na swali moja: jambo hili lilipotokea, ofisi zipi zililazimika kuandika?

Nichukue mgogoro wa ardhi wa Meru. Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kwenye mashamba namba 31 na 328, ili eneo hilo wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa kwa niaba ya watu wake. Aliyewasaidia katika kuandaa madai yao alikuwa Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo, The Meru Land Case.

Sasa hesabu walioandika. Chini kabisa ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Arusha. Juu yake ni Mkuu wa Jimbo la Kaskazini, kisha Sekretarieti ya Dar es Salaam, ambako kila jambo zito lilifika mezani kabla ya kumfikia Gavana. Pembeni kuna idara ya ardhi, idara ya mifugo na polisi. Kila ofisi ilikuwa na masjala yake na namba zake za majalada, na kila moja iliona sehemu tu ya mambo. Anayesoma majalada ya Sekretarieti peke yake atapata sera na hoja za wakubwa. Anayeteremka hadi ya wilaya ndiye atakayekutana na majina ya watu, idadi ya ng'ombe, malori yaliyotumika na nani alikataa kuondoka.

Gavana naye alikuwa na mkubwa wake, Waziri wa Makoloni, London. Barua walizoandikiana ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, na hapa kuna mtego ninaopenda kuonya juu yake. Mfululizo wa mawasiliano ya Tanganyika unaitwa CO 691, na unaanza mwaka 1916. Unakoma 1951, mwaka ule ule Wameru walipoondolewa. Anayefika mwisho wa CO 691 hudhani London ilinyamaza. Kilichobadilika ni utaratibu wa ofisi tu: mambo ya Tanganyika yaliunganishwa na ya Afrika Mashariki, na mwendelezo uko CO 822. Usipoijua historia ya ofisi yenyewe, utauchukulia uamuzi wa karani kuwa tukio la kihistoria.

Halafu kuna New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko kwenye Baraza la Udhamini. Malalamiko hayo yalipigwa chapa kama nyaraka rasmi na kupewa alama. Yanayotoka Tanganyika huanza na T/PET.2. Ukiijua alama hiyo unaweza kuyafuata hata ukiwa mbali na New York, kwa kuwa maktaba kadhaa duniani zilipokea nakala na mengine sasa yako kwenye intaneti. Mimi huwahimiza wanafunzi waanzie hapo. Majalada ya serikali yanatuonyesha Wameru jinsi maofisa walivyowaona. Kwenye malalamiko wanazungumza wenyewe, ingawa kwa Kiingereza na kwa mkono wa wakili, na hilo nalo lizingatiwe wakati wa kusoma.

Ukishalipata jalada, usikimbilie barua tu. Tazama gamba lake kwanza. Juu yake huandikwa namba ya jalada lililotangulia na ya linalofuata. Hizo ni milango miwili ambayo rejesta haikukuonyesha. Fungua ndani. Kila barua ina namba ya ukurasa, mara nyingi kwa wino mwekundu. Ukiona 14 halafu 16, jua kuna karatasi iliyoondolewa, na uandike hivyo kwenye daftari lako. Soma madokezo, yale maneno mafupi ambayo ofisa mmoja alimwandikia mwenzake kabla barua haijatoka. Mara nyingi dokezo linasema wazi jambo ambalo barua imelifunika kwa adabu ya kiserikali. Mwisho tazama chini ya barua, palipoandikwa "Nakala". Orodha hiyo inakutajia ofisi nyingine zote zilizopokea karatasi ile. Kama jalada la Arusha limeliwa na mchwa, nakala huenda iko kwenye jalada la jimbo au la idara ya mifugo.

Kuna pia vile vitabu vikubwa vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza walivijaza bomani kwa miongo: orodha za machifu na koo zao, mila za ardhi, mvua, mipaka, barabara. Vina thamani kubwa, lakini mara nyingi ofisa aliandika alichoambiwa na watu wachache waliokuwa karibu naye. Visomwe pamoja na masimulizi ya wazee na vitabu vya makanisa. Kwa Meru makanisa hayakwepeki. Wamisionari wa Leipzig walifika huko 1896, na wawili wa kwanza, Ovir na Segebrock, waliuawa mwaka huo huo. Kumbukumbu za misheni hiyo zimetunzwa Halle, Ujerumani.

Anayetaka kujua walowezi waliingiaje Meru lazima arudi enzi ya Wajerumani, na hapo tuna bahati. Sehemu kubwa ya majalada ya serikali ya Kijerumani imebaki Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwongozo wa majalada hayo wa juzuu mbili, kazi ya Eckhart Franz na Peter Geissler, ulitoka Marburg mwaka 1973 na bado ni wa lazima. Upande wa pili wa mawasiliano, yaani karatasi za Ofisi ya Makoloni ya Berlin, uko kwenye Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, Berlin-Lichterfelde, kwa alama R 1001. Kikwazo ni mwandiko. Kijerumani cha mkono cha wakati ule kina herufi ambazo hata Mjerumani wa leo hazisomi bila kufundishwa. Ni ujuzi unaofundishika, na ningetamani vyuo vyetu viufundishe kwa vijana wachache kila mwaka, kwa sababu bila hao tutaendelea kusomewa karatasi zetu na wageni.

Zipo pia karatasi zilizoondolewa kwa makusudi. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa Kiingereza walichoma baadhi ya majalada na kusafirisha mengine Uingereza. Kwa miongo yalifichwa, hadi wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Mwaka 2011 serikali hiyo ilikiri kuwa na hazina ya majalada huko Hanslope Park: karibu 8,800, kutoka makoloni 37 ya zamani. Juni 2013 ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Majalada yenyewe yalihamishiwa Kew kati ya 2012 na 2013 na sasa ni mfululizo FCO 141, yakiwamo ya Kenya na ya Tanganyika. Tasnifu iliyoandikwa kabla ya hapo kuhusu miaka ya mwisho ya ukoloni inastahili kupitiwa upya.

Baada ya yote hayo, bado nasema safari ianzie maktabani. Ripoti ya Jaji Mark Wilson ya 1947 kuhusu ardhi za Arusha na Moshi, ambayo serikali iliitumia kuhalalisha uhamishaji, ilipigwa chapa. Karatasi iliyopigwa chapa hutafutwa kwa mkutubi, na mahali pazuri pa kuanzia ni mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo hapo chukua vitabu vya waliokutangulia na usome tanbihi zao kabla ya sura zao. Tanbihi ina namba ya jalada; ukienda nayo Upanga unaomba karatasi kwa namba yake. Nenda na kalamu ya risasi, maana wino hauruhusiwi karibu na karatasi kongwe, na uulize utaratibu wa kibali mapema. Kwa Tanzania Bara kibali cha utafiti kinapitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kila unachonukuu, kiandikie mara moja jina la hifadhi, namba ya mapokezi, namba ya jalada na ukurasa. Namba hiyo ni deni kwa atakayekuja baada yako, kama wewe ulivyofaidi ya wengine.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 imeweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kufungua karatasi za serikali kwa umma. Maana yake miaka ya Ujamaa na operesheni za vijiji sasa inasomeka, na ni eneo ambalo vijana wanaweza kulifanyia kazi mpya kabisa. Lakini si karatasi zote za miaka hiyo zilizofika Upanga. Nyingine ziko Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, Dodoma, na nyingine hazijawahi kutoka wilayani: kwenye masjala ya ardhi, kwenye kabati la mahakama ya mwanzo, kwenye ofisi ya kata ambako mtendaji ameachiwa ufunguo na mtangulizi wake. Kabla hujaandika kwamba jalada halipo, nenda ukamwone karani wa masjala wa wilaya yenyewe, umtajie mwaka na ofisi iliyoandika.