Msema Pweke Hakosi: Namna ya Kuongoza Kikao Kazini

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Ndivyo vilivyo vikao vingi kazini: meneja anasoma matangazo, watu wanatikisa vichwa, nusu saa inakwisha, na kila mtu anarudi kwenye shifti yake na malalamiko yaleyale.

Kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa ziada. Wengi tumelelewa kungoja mkubwa amalize, kisha mwenyekiti atupe nafasi. Hapa Minneapolis na Saint Paul, ukinyamaza kikaoni huhesabiwa umekubali. Ratiba mpya ikipita hivyo, ni wewe utakayehangaika kutafuta mtu wa kumpokea mtoto akitoka shule.

Funzo kutoka Shakopee

Mfano uko karibu nasi, katika ghala la Amazon la Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis. Mwaka 2018 wafanyakazi wa Afrika Mashariki, wengi wao Wasomali, walilalamikia kasi ya kazi na nafasi ya kuswali, hasa wakati wa Ramadhani. Kwa msaada wa Kituo cha Awood cha Minneapolis, waliketi na viongozi wa kampuni.

Gazeti la New York Times liliripoti yaliyowekwa mezani: meneja mkuu na meneja anayezungumza Kisomali wakubaliane kabla ya mtu kufukuzwa kwa sababu ya kasi, meneja mmoja ajibu malalamiko ndani ya siku 5, na pande zote zikutane kila baada ya miezi 3. Wafanyakazi waliona hayatoshi, na tarehe 14 Desemba wakaandamana nje ya ghala.

Hawakukubaliana, lakini kila upande ulijua unabishania nini. Kulikuwa na mtu wa kujibu, muda wa kujibu, siku ya kukutana tena, na lugha inayoeleweka. Linganisha na jibu tulilolizoea: “Tutaliangalia.” Hilo halina mwenyewe wala tarehe.

Na madai hayo hayakuishia hapo. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, sheria ya Minnesota inayataka maghala makubwa yampe mfanyakazi maelezo ya kiwango cha kazi anachotakiwa kufikisha, kwa maandishi na kwa lugha yake.

Ukiwa wewe ndiye unayeongoza

Ndugu zetu wengi sasa ni wasimamizi wa shifti hospitalini, viwandani na katika nyumba za kulea wazee. Ukikabidhiwa kikao, andika ajenda kwa maswali. “Ratiba” haimwambii mtu afikirie nini, “Nani atashika shifti za sikukuu?” inamwambia.

Gawa zamu ya kusema. Anza na mgeni au mdogo kwa cheo, mkubwa aseme mwisho. Akitangulia yeye, wengine watamwitikia tu. Ukiuliza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuendelea, maana anayefikiri kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza anahitaji muda huo. Kisha rudia ulichosikia: “Unasema dakika 10 za makabidhiano hazitoshi, sivyo?”

Mwisho, usifunge kikao kabla ya kutaja nani atafanya nini na lini. Watumie wote kwa maandishi siku hiyohiyo.

Ukiwa mmoja wa waliokaa

Usingoje kipengele cha “mengineyo”, kwani wakati huo watu wameshashika makoti. Mwombe msimamizi mapema aingize jambo lako katika ajenda. Andika sentensi moja nyumbani, ijaribu mbele ya mwenzi wako, halafu ukaisome kikaoni bila kuona haya.

Tena si lazima uwe peke yako. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi, hata wasio na chama, wanapoungana kuzungumza na mwajiri kuhusu mishahara na mazingira ya kazi.

Ukijibiwa “tutaliangalia”, uliza kwa adabu: “Nimwone nani, na siku gani?” Jibu liandike hapohapo, pamoja na tarehe.